Nyasi Zipo, Ng'ombe Wanakonda

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, mkoani Shinyanga)



 

Sisi ni wafugaji wenzenu. Hatukuja hapa kama mabwana mifugo. Ng'ombe wetu ni hawa hawa wa asili, wenye nundu, wanaochungwa kwenye mbuga hizi hizi na kunywa maji ya lambo. Tumeombwa tuzungumze juu ya chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Basi tutasema yale tuliyofundishwa na yale tuliyoyaona kwa macho. Tutasema pia kosa moja kubwa tulilolifanya wenyewe, ili lisifanywe na mtu mwingine.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Mwezi wa Mei ng'ombe wananawiri, ngozi inang'aa. Mwezi wa Agosti mbavu zinaanza kuhesabika. Mwezi wa Oktoba maksai akilala, kumwinua ni kazi ya watu watatu, mmoja kashika mkia. Mvua ikianza Novemba, maksai huyo huyo ndiye tunamfunga nira na kumwambia, haya, lima! Hawezi. Tunachelewa kulima. Pamba inachelewa, mahindi yanachelewa. Na mvua ya kwanza yenye baridi inamkuta jike dhaifu mwenye mimba. Asubuhi tunamkuta amekufa zizini. Tunasema ukame umemuua.

Hebu tuulizane. Mwezi wa Septemba ukienda kwenye ngitili iliyotunzwa vizuri, je, hakuna nyasi? Zipo. Pengine zinafika magotini. Ng'ombe amesimama katikati ya nyasi na anakonda. Mzee mmoja alituambia, "Nyie vijana, huyo ng'ombe hana njaa ya tumbo. Ana njaa ya mwili." Tulicheka kidogo. Baadaye tuliona kuwa mzee alijua kuliko sisi.

NDANI YA TUMBO LA NG'OMBE

Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kubwa kama pipa. Ndani yake mna vijidudu vingi sana visivyoonekana kwa macho. Si vijidudu vya ugonjwa. Hawa ni wafanyakazi wake. Ng'ombe anakula nyasi, anacheua, anameza tena, na wafanyakazi hawa ndio wanaozivunja zile nyasi ngumu mpaka zigeuke nguvu na nyama. Bila wao ng'ombe hawezi kuishi kwa nyasi, kama vile mimi na wewe hatuwezi.

Sasa, mfanyakazi naye lazima ale. Chakula ambacho wafanyakazi hawa hawawezi kukikosa ni protini. Protini ni chakula cha kujenga mwili. Sisi watu tunaipata katika maharage, karanga, samaki, maziwa na nyama.

Nyasi changa ya mwezi wa Januari ina protini ya kutosha. Ukikausha nyasi hiyo ukapata kilo 100, ndani yake mnaweza kuwa na kilo 10 za protini, au zaidi. Lakini nyasi za nchi zetu za joto hukua upesi na kukomaa upesi. Zikishatoa mbegu na kukauka, protini hushuka. Katika kilo 100 utapata kilo 3 au 4 tu. Penye nyasi mbaya, hata 2. Na wataalamu wanasema vijidudu vya tumboni vinahitaji kilo 6 mpaka 8 katika kila kilo 100 za chakula kikavu. Sisi tunashika 7, maana ni rahisi kukumbuka.

Ikiwa chini ya 7, wafanyakazi wanadhoofika na kupungua. Nyasi zinakaa tumboni siku nyingi bila kuvunjika. Tumbo linabaki limejaa. Na ng'ombe mwenye tumbo lililojaa hali tena. Ndiyo ile njaa aliyoisema mzee.

Jambo hili si la Shinyanga peke yake. Wafugaji wa kaskazini ya Australia wenye maelfu ya ng'ombe, na wafugaji wa Brazili, wote wana tatizo hili katika miezi ya ukavu. Wao pia wanalisha protini.

Unataka kujua kama ng'ombe wako wamefikia hali hiyo? Huhitaji mashine. Tazama kinyesi. Wakati wa nyasi mbichi kinyesi ni laini, kinatandaa chini. Nyasi zikiishiwa protini, kinyesi kinakuwa kigumu na kikavu, kinasimama tabaka juu ya tabaka, na ndani unaona nyuzi za nyasi ambazo hazikuvunjika. Ukiona hivyo mwezi wa Julai, usisubiri kuona mbavu.

KIDOGO KINATOSHA

Sasa shikeni kalamu. Tumesoma kisomo ili tupige hesabu zetu wenyewe.

Chukua ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250. Wakati wa nyasi mbaya anakula kama kilo 4 za nyasi kavu kwa siku. Ikiwa kila kilo 100 zina protini kilo 3, basi kilo 4 zina gramu 120. Hiyo ndiyo protini yake ya siku nzima. Sasa mpe nusu kilo ya mashudu ya pamba. Mashudu hayalingani, lakini mazuri huwa na protini kilo 30 hivi katika kilo 100. Nusu kilo ina gramu 150. Jumlisha: 120 na 150 ni 270. Umeongeza kopo moja tu la mashudu, na protini ya ng'ombe imezidi maradufu!

Na faida haiishii hapo. Wafanyakazi wa tumboni wakipata chakula, wanavunja nyasi upesi zaidi. Tumbo linapata nafasi. Ng'ombe anarudi kula zile nyasi kavu alizokuwa anaziacha. Kwa hiyo mashudu yanamfungulia mlango wa nyasi.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana wengi wanakosea. Kama nyasi hazipo kabisa, mlango huo unafunguka kwenye ghala tupu. Nusu kilo ya mashudu kwa ng'ombe aliye kwenye ardhi tupu haitamwokoa. Kwanza nyasi, ndipo protini. Mwenye kuchoma moto mbuga yake mwezi wa Juni asihangaike kununua mashudu Agosti.

Kwa ng'ombe wetu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa siku inatosha kwa kiangazi. Ukiwa na kazi nyingi, kuna jambo ambalo sisi tulipoambiwa hatukuliamini: si lazima ulishe kila siku. Anayestahili nusu kilo kwa siku anastahili kilo tatu na nusu kwa juma. Unaweza kumgawia mara mbili au tatu kwa juma, na matokeo yanakaribiana sana. Sisi tunalisha siku ya kutoka joshoni na siku moja nyingine katikati. Hori letu ni nusu pipa lililopasuliwa kwa urefu. Muhimu mahori yawe mengi, au uwatenge, la sivyo dume mwenye pembe kubwa atakula sehemu ya wote.

NANI ALISHWE?

Hapa ndipo kikundi chetu kiligombana. Wengine walitaka kulisha zizi zima. Fedha haikutosha, na hata ingetosha isingefaa.

Ng'ombe kijana aliyekonda kiangazi, mvua ikinyesha akapata nyasi changa, hunenepa upesi kuliko yule ambaye hakukonda. Anafidia sehemu ya kile alichopoteza. Kama unamfuga ili umuuze baada ya miaka miwili, mashudu uliyompa mwaka huu yatakurudishia kidogo sana. Muache ale nyasi, ilimradi asifikie hatari ya kufa.

Lakini wapo ambao uzito wao unatakiwa sasa hivi. Wa kwanza ni maksai watakaolima Novemba. Wa pili ni jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha. Huyo akikonda sana hapandwi tena upesi, na wewe unapoteza ndama wa mwaka mzima bila kujua umempoteza lini. Wa tatu ni yule unayetaka kumpeleka mnadani mwisho wa kiangazi, wakati wanunuzi wanatafuta nyama na ng'ombe wengi wanaoletwa ni mifupa. Katika zizi la ng'ombe 20, labda ni sita au saba.

Na fedha itoke wapi? Mama mmoja wa kikundi chetu ndiye aliyesema bila kuficha: "Baba zetu mnawapenda ng'ombe mpaka mnawaacha wafe. Uzeni mmoja mwezi wa Juni, angali ananawiri, mlishe wengine." Palikuwa na kelele! Kwetu mtu hauzi ng'ombe mnene. Anauza yule anayekaribia kufa. Lakini pigeni hesabu hii nyumbani kwa bei za mnada wenu. Ng'ombe anaweza kupoteza kilo 30 au 40 kutoka Juni mpaka Oktoba. Ukimuuza Oktoba umeuza ngozi na mifupa, na kwa miezi minne amekula nyasi ambazo wangekula wengine. Ukimuuza Juni umepata bei, na nyasi zimebaki.

Kwa ng'ombe sita, nusu kilo kila mmoja, ni kilo 3 kwa siku. Kwa siku 100 ni kilo 300. Hayo ni magunia sita ya kilo 50. Ulizeni bei ya gunia kiwandani, ongezeni nauli ya gari, halafu linganisheni na bei ya ng'ombe mmoja wa Juni. Sisi tulifanya hivyo kwenye daftari, mbele ya wote, na kelele zikapungua. Hazikuisha, lakini zilipungua.

Mwaka wa kwanza wenzetu watatu tu walikubali kuuza. Tulipima kifua cha kila maksai kwa utepe, wa kulishwa na wasiolishwa, tukaandika. Tusidanganyane: waliolishwa hawakunenepa. Walipungua pia, ila kidogo. Lakini mvua iliponyesha walisimama kwenye nira na kulima mpaka jua kali, wakati wengine walikuwa wanalala kwenye matuta. Mwaka wa pili hatukuhitaji kumshawishi mtu.

MASHUDU, NA VITU TULIVYO NAVYO

Sisi tuko nchi ya pamba, kwa hiyo mashudu ya pamba tunayapata kwenye viwanda vya kukamua mafuta. Penye alizeti, mashudu ya alizeti yanafaa pia. Kabla ya kununua, chukua kiganjani utazame. Yenye maganda meusi mengi na nyuzi nyingi za pamba yana protini kidogo. Yenye ukungu usinunue hata kama ni rahisi, maana ukungu una sumu. Nyumbani yaweke juu ya magogo, yasiguse sakafu.

Mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili. Ng'ombe mkubwa anaihimili kwa kiasi hiki tunachosema. Ndama mdogo, kuku na nguruwe wasipewe.

Asiye na fedha asikate tamaa. Majani ya karanga, kunde na choroko baada ya mavuno yana protini kuliko nyasi kavu, na sisi wengi tunayaacha shambani yapigwe jua mpaka yawe vumbi. Yakaushe kivulini, yafunge, yaweke darini. Matunda ya mgunga yanayoanguka kiangazi ni chakula kizuri. Watoto wanaweza kuyaokota kwa gunia. Yaponde kwanza, maana mbegu zake ngumu hupita tumboni zikatoka nzima. Majani ya lusina nayo yana protini nyingi, lakini yasizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe, na punda usimpe, atapukutika manyoya. Tujue pia kuwa kuna wadudu wadogo wanaofyonza lusina, waliingia Afrika Mashariki mwaka 1992, kwa hiyo asipande lusina peke yake.

Pumba za mahindi ni nzuri, zinaongeza nguvu, ila protini yake si nyingi. Anayelisha pumba tu asidhani amelisha mashudu.

KOSA LETU

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema.

Tulisikia kwamba urea, mbolea ile nyeupe ya punje, inaweza kulishwa ng'ombe. Ni kweli. Vijidudu vya tumboni vinaweza kuigeuza urea kuwa protini, na ni rahisi kuliko mashudu. Tukanunua mfuko. Tukachanganya na pumba kwa koleo, chini ya mti. Hatukupima kwa mizani. Mbolea ilikuwa na mabonge, tukasema yatavunjika yenyewe. Maksai walikuwa wametoka mbali, wana njaa. Wakajimwaga kwenye hori.

Haikupita saa moja. Mmoja alianza kutetemeka, mate yakamtoka mengi, akahema kama aliyekimbizwa. Tumbo likavimba. Akaanguka. Wa pili akafuata. Kabla ya magharibi wote wawili walikuwa wamekufa. Walikuwa wa kaya moja, na kaya ile mwaka huo ililima kwa jembe la mkono. Kikundi kilichanga kuwalipa, lakini mvua haikusubiri mchango wetu.

Bwana mifugo alikuja kutueleza baadaye. Urea nyingi ikiingia tumboni kwa mara moja hugeuka hewa kali ya amonia, ile inayokuchoma pua kwenye zizi lenye mkojo. Ikizidi inaingia kwenye damu na kuua. Dawa ya kwanza ni siki, lita 2 mpaka 4 kwa ng'ombe mkubwa, pamoja na maji mengi ya baridi, anyweshwe polepole angali anaweza kumeza, huku mnamwita mtaalamu. Lakini jamani, nani kati yetu ana lita nne za siki nyumbani?

Kwa hiyo hapa leo hatutawapa kipimo cha kuchanganya urea. Si kwamba tunawanyima maarifa. Anayetaka aanze kwa bwana mifugo, awe na mizani, azoeshe ng'ombe kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu, na asimpe ng'ombe mwenye njaa kali wala ndama. Mawe ya kulamba yenye urea yakiwekwa wazi, mvua ikayanyeshea, maji yanayotuama juu yake ni sumu. Kikundi chetu kimeamua kukaa na mashudu. Ni ghali zaidi, lakini mtoto akikosea kopo moja ng'ombe hafi.

Na kitu kingine kidogo: mfuko mtupu wa mbolea usitumiwe kuwekea chakula cha ng'ombe, wala ndoo iliyobeba mbolea isitumiwe kunyweshea. Mfuko ulio na mbolea ufungwe na kuwekwa ndani. Ng'ombe anayetafuta chumvi atalamba chochote.

NGITILI

Tumesema kwanza nyasi, ndipo protini. Wazee wetu walijua kazi hii. Ngitili ilifungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, na walioingia kwanza walikuwa ndama, wakongwe, wagonjwa na maksai. Mnaona? Walichagua nani alishwe, kama tulivyochagua sisi. Tulipohamia vijijini miaka ya 1974 na 1975 ngitili nyingi ziliachwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia wananchi kuzirudisha, na leo miti na nyasi mnazoziona kwenye vilima vingi ni matunda ya kazi hiyo.

Ukiwa na ngitili yako, kata sehemu ya nyasi zinapoanza kutoa maua. Wakati huo bado zina protini. Ukisubiri mbegu zidondoke umekata fito. Zianike siku mbili tatu, uzigeuze, uzifunge. Robo ya ekari iliyokatwa mapema itamlisha jike anayenyonyesha siku nyingi kuliko unavyofikiri. Na maji yasikose: ng'ombe anayekula vitu vikavu akinywa siku ya tatu, atapunguza kula hata kama umempa mashudu.

Kikundi chetu kinaagiza mashudu kwa gari moja ili nauli igawanywe. Anayetaka kuingia katika gari la mwezi wa Julai aandike jina na idadi ya magunia kwenye daftari la katibu, aandike mwenyewe kwa mkono wake. Utepe wa kupimia kifua tumekuja nao. Tukitoka hapa tutakwenda kwenye zizi la jirani yetu aliyetukaribisha, tupime maksai wake wanne, na kila mtu ajifunze kuushika.

 Maswali tunayapokea.